Shahada ya Kiingereza na Swali la Wajomba: Barua kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima wa afya, na kwamba uchovu wa mitihani ya mwisho umeanza kukutoka. Ujumbe wako niliupata wiki iliyopita. Ulikuwa na swali moja tu, ila nililisoma mara tatu, kwa sababu nami niliwahi kutembea nalo kwa miaka miwili: mtu mwenye shahada ya Kiingereza hufanya kazi gani, ikiwa hana hamu ya kufundisha? Nimeamua kukujibu hadharani bila kukutaja jina, kwa kuwa najua wenzako wengi huulizwa hivyohivyo na wajomba na mashangazi kila familia inapokutana, nao hutabasamu na kugeuza mazungumzo.

Anayesomea uhasibu hutoka chuoni na jina la kazi mkononi. Wewe umetoka na uwezo ambao hauna jina lake katika matangazo ya ajira, na hilo ndilo linalowatia wazazi wetu hofu. Hofu yao ina msingi, tusiwabeze. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo umefunzwa kusoma maandishi marefu na magumu bila kuyakimbia, kuona mahali hoja inapoteleza, kutenganisha kilichosemwa na kilichodokezwa, na kuandika kurasa kumi ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata hadi mwisho. Waajiri wanauhitaji uwezo huo, ila karibu wote watataka kujua utautumia juu ya jambo gani. Kwa hiyo, kabla hujauliza Kiingereza kitakupeleka wapi, jiulize ni kitu gani kingine duniani unachokipenda kiasi cha kutaka kukielewa hadi ndani: sheria, tiba, fedha, mitambo, mazingira, malezi ya watoto. Ajira yako ya kwanza ya maana huenda ikapatikana pale vitu hivyo viwili vinapokutana.

Harold Varmus alihitimu shahada ya kwanza ya fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Amherst mwaka 1961, akachukua ya uzamili katika fani hiyohiyo Harvard, kisha akageukia udaktari. Mwaka 1989 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na mwenzake kwa utafiti wa jeni zinazohusika na saratani. Sally Ride, Mmarekani mwanamke wa kwanza kwenda angani mwaka 1983, alisoma Stanford na kuhitimu fizikia na Kiingereza kwa pamoja. Sikutajii watu hawa ili ulale usiku ukijilinganisha nao. Nawataja kwa sababu kila mmoja alikuwa na jambo la pili, na alilisomea kwa jasho. Shahada ya Kiingereza haikumfungia mlango, wala haikumsamehe darasa hata moja la sayansi.

Mimi jambo langu la pili lilikuwa mitambo, na nililipata kwa bahati tu. Kazi yangu ya kwanza ya kudumu ilikuwa kusafisha lugha ya mwongozo wa pampu, ulioandikwa na mhandisi hodari ambaye sentensi zake zilikuwa na maneno sitini sitini. Nilidhani ningemaliza kwa siku mbili. Wiki ya pili nilikuwa bado nimepiga magoti kando ya ile pampu, namuuliza fundi ni valvu ipi hufungwa kwanza, kwa sababu maandishi yaliruhusu tafsiri mbili na moja kati yake ingeiharibu mashine. Pale ndipo nilipoelewa kwamba kile tulichokiita darasani utata wa maana, na kukisifu katika mashairi, ni hatari kwa mtu aliyeshika spana.

Kazi hii ya kuandika miongozo na nyaraka za kiufundi ina kanuni zake, na ningependa uzijue kwa sababu wahitimu wa Kiingereza huipita bila kuitazama. Katika matengenezo ya ndege, kwa mfano, upo mfumo wa Kiingereza kilichorahisishwa uitwao ASD-STE100, ambao msamiati wake umedhibitiwa: neno moja hupewa maana moja, na sentensi ya maelekezo haipaswi kuzidi maneno 20. Humo neno "follow" huruhusiwa kumaanisha kuja baada ya kitu, lakini si kutii maagizo, maana fundi anayesoma katika lugha isiyo yake asiachiwe nafasi ya kukisia. Mtu aliyezoea kupima uzito wa kila neno katika shairi hujifunza kanuni hizi haraka kuliko anavyodhani. Kampuni za programu za kompyuta nazo huajiri watu wa kuandika maelezo ya jinsi programu inavyotumika, na hata yale maneno mafupi unayoyaona kwenye vitufe na kwenye ujumbe wa hitilafu yana mtu aliyelipwa kuyafikiria.

Sheria ni njia nyingine, tena ya zamani. Marekani, shahada ya sheria husomwa kwa kawaida miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza ya fani yoyote, na wengi huijia kutoka Kiingereza. Mahali pengine utalazimika kuianza upya kama somo la kwanza, kwa hiyo uliza kabla hujaota. Iwapo utataka kumweleza mjomba kwa nini mwanasheria anamhitaji msomaji makini, msimulie kesi ya madereva wa kampuni moja ya maziwa katika jimbo la Maine. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizostahili malipo ya saa za ziada, na mwishoni mwa orodha ikataja kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, bila alama ya mkato (koma) kabla ya neno "au". Madereva, ambao walisambaza lakini hawakufungasha, wakadai kwamba usambazaji haukutajwa pale kama kazi inayojitegemea. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kifungu kina utata na ikaamua kwa upande wao, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Mkato mmoja, mdogo wangu.

Uchapishaji wa vitabu ndio wengi wetu huuota, nami nitakuambia ukweli wake bila kuupamba. Nafasi ni chache, mishahara ya mwanzo ni midogo, na sehemu kubwa ya uhariri na usomaji wa prufu siku hizi hufanywa na watu wa kujitegemea wanaolipwa kwa neno, kwa ukurasa au kwa saa. Anayedumu ni yule anayeipenda kazi ya kuitengeneza sentensi ya mtu mwingine bila kutajwa. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, ambaye alisoma Kiingereza katika vyuo vikuu vya Howard na Cornell, alifundisha kwanza, akahariri vitabu vya kiada, kisha akawa mhariri katika kampuni ya uchapishaji ya Random House kwa miaka mingi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970 akiwa bado mwajiriwa pale. Kuna jambo la kujifunza katika ile hatua ya vitabu vya kiada, ambayo wasimulizi wa maisha yake huiruka.

Kwa tafsiri na ukalimani utahitaji lugha mbili zilizokomaa, na hapa watu wetu hujidanganya sana. Kiingereza chako kizuri hakitakusaidia kama lugha uliyonyonya kwa mama imebaki ya mazungumzo ya jikoni, kwa sababu katika kazi hizi mtu hupendelea kupeleka maana kwenye lugha anayoimudu zaidi. Wakalimani wa mikutano hupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwani akili haistahimili zaidi ya hapo kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kazi za mawasiliano ya taasisi na uandishi wa maandiko ya miradi kwa wafadhili ni nyingi zaidi, nazo nitazipita haraka kwa kuwa umeshazisikia. Ila andiko la mradi hushinda kwa bajeti inayooana na maelezo, kwa hiyo jifunze kusoma jedwali la hesabu.

Nirudi kwenye ualimu, uliosema huutaki. Hujakosea kuukataa, lakini usiukatae kwa kuudhania. Kufundisha Kiingereza kwa watu wazima ni taaluma tofauti na ile uliyoiona shuleni. Cheti cha CELTA cha Cambridge, kwa mfano, huchukua saa zisizopungua 120, zikiwemo saa 6 za kufundisha ukiangaliwa. Wapo pia wanaowapima Kiingereza marubani na waongozaji wa ndege, ambao katika safari za kimataifa hutakiwa kufikia angalau daraja la 4 kati ya 6 katika kipimo cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga.

Uligusia pia akili unde (AI), na nadhani hilo ndilo lililokukosesha usingizi kuliko wajomba wote. Sitakuambia haijagusa kazi yetu. Makala za kujaza kurasa, maelezo ya bidhaa na tafsiri za rasimu, ambazo zamani zilikuwa ngazi ya kwanza ya anayeanza, sasa huandikwa kwa sekunde chache, na nimeona wateja wakiondoka. Kilichobaki, kwa ninavyoona mezani kwangu, ni kazi ya anayeweza kuona kwamba aya iliyoandikwa kwa ufasaha inasema uongo, na hilo halionekani bila kulijua jambo lenyewe. Ndiyo maana nimekusumbua tangu mwanzo kuhusu jambo lako la pili.

Kwa sasa usitume wasifu wako popote. Mwajiri atataka kuona kazi, na insha ya mwaka wa tatu kuhusu riwaya, hata ikiwa ilipata alama ya juu, haimwonyeshi anachokitafuta. Tafuta maandishi matatu mabovu katika uwanja ulioupenda: kijikaratasi cha maelezo ya dawa, mkataba wa kupanga nyumba, mwongozo wa kifaa chochote kilichoko nyumbani. Yaandike upya, na kila mahali unapobadilisha eleza pembeni kwa sentensi moja kwa nini umebadilisha. Usipoelewa kitu, mtafute anayekijua umuulize, kisha andika ulichoambiwa. Ukimaliza nitumie ya awali pamoja na yako kabla mwezi haujaisha. Kalamu nyekundu ninayo, na sitakuonea huruma.

Wako akupendaye,
Dada yako mkubwa