Shaibu, lirudishe basi la Baba

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu Shaibu,

Assalaam alaikum. Natumai u mzima, wewe na shemeji na huyo mtoto ambaye nasikia keshaanza kutembea. Huku hatujambo. Mama alisumbuliwa na mguu wiki nzima, ila tangu juzi anajikongoja mwenyewe mpaka kwa Bi Zaina na kurudi, kwa hiyo tunamshukuru Mungu. Salamu zingekuwa ndefu kuliko hizi, lakini nina jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi na nisipolisema sitalala.

Ni kweli umeyafuta mabasi yote uliyoyatengenezea ile gemu ya simu, Bus Simulator Indonesia?

Aliyeniletea habari ni Juma. Kaja anahema, simu mkononi: "Kaka Athumani, Fundi Shaibu kajitoa, viungo vyake vyote vya kupakulia mabasi vimekufa." Nikamwambia ni mtandao tu. Nikakaa barazani nikavijaribu kimoja kimoja mpaka chaji ikaisha. Nimekupigia mara nne, inaita bila majibu. Ndiyo maana naandika kwa mkono na kumpa Mbaruku. Kesho anakuja na gari huko, na Mbaruku unamjua, atakutafuta mpaka akupate.

Kisa nimekipata vipande vipande. Kwamba kuna mtu kalichukua basi lako la mwisho, kafuta jina lako, kaweka lake, faili kalifunga kwa neno la siri na neno hilo analiuza shilingi 3,000. Na watu wananunua. Na ulipolalamika mmoja akakujibu, "Kwani gemu ni ya kwako?" Shaibu, hapo nilinyamaza. Lile basi najua lilikuchukua miezi mingapi. Nakumbuka ulivyoshinda stendi ya Mbezi siku tatu mfululizo ukipiga picha taa za nyuma, mpaka mlinzi akataka kujua unapeleleza nini. Mtu aliyekufanyia vile ni mwizi, simtafutii jina jingine.

Lakini ulipofuta, aliyeumia ni nani? Yeye faili analo. Tusio nalo ni sisi.

Na mimi nina shida yangu hasa, ngoja nikueleze. Simu yangu ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya maji mwezi wa tatu. Niliponunua hii nikaiweka gemu upya, mabasi nikasema nitayapakua taratibu, bando likiruhusu. Nikachelewa. Sasa basi la Baba, lile ulilolitengeneza mfano wa alilokuwa akiendesha, sinalo. Nimemuuliza Juma, hana, yeye alikuwa anapakua mapya mapya yenye taa nyingi. Nimemuuliza Salimu, hana. Nakala pekee duniani ni yako, kama nawe hujaifuta.

Unakumbuka ile Idi tuliyomwonyesha Mama? Mama na gemu wapi na wapi, simu aliishika kichwa chini. Halafu akatulia, akasema, "Hilo la Baba Athumani hilo." Akaliangalia likipita, akaliangalia tena. Kitu cha pili alichosema: "Pazia halikuwa jekundu. Lilikuwa la buluu, nilishona mwenyewe." Wewe hukubisha, ulirudi Dar ukalibadilisha, na baada ya wiki ukaniletea basi lenye pazia la buluu na kile kitenge kilichokunjwa juu ya injini. Hicho hakuna aliyekuambia ila mimi, zamani sana, nilipokusimulia nilivyokuwa nakaa pale mbele pembeni ya Baba, injini inaunguruma chini yangu, joto linapanda, na tukifika daraja la zamani la Wami anasimama kungoja la upande wa pili lipite, ananipa chungwa nimenye. Ulikumbuka. Mtu anaweza kusema ni picha tu kwenye simu. Mama tangu mwezi wa nne kaniuliza mara mbili, "Lile basi liko wapi?" Nikamwambia litakuja. Alhamisi ndiyo nikajua nimemdanganya.

Sasa huku kijiweni habari yako imezua ubishi hujapata kuona. Salimu kashikilia kuwa ndiyo matokeo ya modi, yaani haya mambo watu wanayoyaongeza au kuyabadilisha kwenye gemu, kwamba gemu ichezwe ilivyotoka kwa mwenyewe, anayeongeza kitu kashindwa kuicheza. Nikamkumbusha kibanda cha baba yake. Ile diski ya gemu ya mpira, PES 6, tuliyokuwa tunapangia foleni na sare za shule, nikamuuliza, Chelsea iliandikwaje? Akasema Chelsea. Nikamwambia ndivyo tulivyoiona sisi. Ilivyotoka kwa Konami walioitengeneza iliandikwa London FC, na Liverpool iliandikwa Merseyside Red, kwa sababu haki ya kutumia majina hayo hawakuwa nayo. Yale majina halisi, jezi halisi, wachezaji kuhamishwa kila msimu tukaletewa diski mpya, nani alifanya? Kuna vijana mahali walikaa usiku kucha wakairekebisha. Tumekua tukicheza modi bila kujua kuwa zinaitwa modi. Salimu akafikiri, akasema, "Ile ilikuwa inarudisha ukweli." Nikamwambia basi na pazia la buluu ni hivyo hivyo.

Ila Salimu si mjinga na sitaki umwone hivyo. Kuna aliyoyasema nikakubali. Juma alipata ile gemu iliyochezewa, pesa hazina mwisho, akanunua kila gari siku ya kwanza. Siku ya tano akaniambia gemu imekufa ladha. Mpwa wangu naye alipakua kitu mahali pasipojulikana, kinaitwa modi, kumbe kinataka kusoma meseji na majina yote kwenye simu, na matangazo yakawa yanafunguka yenyewe hata usiku. Na ukicheza na wenzako mtandaoni halafu ukaweka kitu cha kuona watu nyuma ya ukuta, huko ni kuwaibia. Wenzio wameacha kazi zao kuja kushindana nawe kwa haki. Hapo mimi na Salimu tuko pamoja kabisa.

Lakini basi lako limemdhulumu nani? Ile Bus Simulator Indonesia, watengenezaji wenyewe, Maleo, waliacha mlango wazi, wakatenga kabisa mahali pa kuweka magari ya watu. Na bahati nzuri Indonesia wanaendesha kushoto kama sisi, usukani kulia, mlango wa abiria kushoto, basi la Tanga likaingia kule kama limezaliwa huko. Mpaka honi za muziki wanazo! Mtoto wa hapa anacheza gemu ya watu wa mbali na anaona gari lililompeleka kwa bibi yake Korogwe. Mimi nikifikiria hilo, nikakumbuka kwamba limefanywa na mtu ninayemjua, anayekunywa chai yetu... Shaibu, usiache.

Suala la pesa limenisumbua zaidi, maana zamani nilikuwa na jibu na sasa sina. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuhubiria kuhusu gemu ya Skyrim? Mwezi wa nne 2015 Bethesda wenye gemu hiyo, na Valve wenye duka la gemu mtandaoni, waliruhusu modi ziuzwe, mtengenezaji apate asilimia 25. Wachezaji wakawaka moto, na baada ya siku nne mpango ukaondolewa na waliolipa wakarudishiwa. Nilisherehekea. Nilisema modi ni zawadi, ikishawekwa bei imekufa. Leo nakuangalia wewe na miezi yako na bando lako na macho yaliyoharibika kwa kioo, najiuliza nilikuwa nasherehekea nini hasa. Asilimia 25 ilikuwa ndogo, hilo nasimama nalo. Lakini kwamba mtu asile kabisa kwa jasho lake, sijui kwa nini niliona ni jambo jema. Mwizi wako kala 3,000 kwa kitu ulichokitoa bure. Ungeuza wewe kwa 1,000, mimi ningenunua, Juma angenunua. Wengine wangekutukana, ndiyo. Sijamaliza kulifikiria hili, tutalizungumza ukija.

Kinachonichoma mimi ni jina. Gemu ya Counter-Strike ilianza 1999 kama modi ya Half-Life, gemu ya hao hao Valve. Walioitengeneza ni Minh Le na Jess Cliffe, vijana tu. Mwaka 2000 Valve wakaichukua na vijana wenyewe wakaenda kufanya kazi huko. Majina yao hayakupotea, ndiyo maana mlango ulijua ufunguke kwa nani. Wewe mtu akifuta jina lako, hata heri yako ikija itabisha nyumba isiyo yako.

Na ninajua unajua hili kuliko mimi. Umbo la basi lako la kwanza ulilipata kwa yule bwana wa Java, huko Indonesia. Ulimwandikia kwa kutumia programu ya kutafsiri, akakujibu uweke jina lake tu. Na kila basi ulilotoa tangu siku hiyo, jina lake liko juu ya lako. Sijaona hata moja ulilosahau. Rangi za kampuni za mabasi, kweli, hatukumwomba mtu, na Salimu alinibana hapo nikakosa neno. Ila hukuziuza, na hukujifanya ni zako.

Juma na mimi tumekaa tukawaza hivi, upokee au ukatae. Lirudishe basi, na jina lako usiliache pembeni kwenye maelezo linakofutika kwa kidole. Liandike kwenye kioo cha nyuma, pale yanapokaa maneno ya mabasi, ndani ya picha ya rangi yenyewe, na tena kwenye kibao cha namba, na tena kwenye kile kitenge, dogo dogo. Akitaka kulifuta itabidi aanze kupaka rangi basi zima. Neno la siri ukiweka sitakulaumu, lakini litoe bure kwa anayelitaja jina la yule bwana wa Java na lako. Juma anasema yeye atajibu meseji za watu, wewe usizisome kabisa. Huyu kijana anajifunza Blender, programu ya kuchongea maumbo, kwenye kompyuta ya kaka yake, kashatengeneza meza ya muuza machungwa wa Muheza, machungwa ni makubwa kama matikiti lakini meza ni ile ile, yenye mguu mmoja umeegeshwa jiwe. Alikuwa anasubiri akuonyeshe. Tangu Alhamisi hajaifungua.

Kama mengine yote hutaki, sawa, nitakuelewa. La Baba tu. Si lazima uliweke mtandaoni. Mpe Mbaruku kwenye flashi, anarudi huku Jumatano, nitakuwa stendi namngoja.

Sasa niambie, kwa nini hupokei simu? Ni huyu mwizi tu au kuna jambo jingine hujaniambia? Kazi bado unaenda? Kompyuta unayo au uliiuza? Maana Mbaruku alisema alikuona mahali wanaponunua vitu vilivyotumika, nikajipa moyo kuwa ulikuwa unanunua. Kama ni pesa, kwa nini hukuniambia? Shemeji anajua umefuta? Ulifuta kwenye mtandao tu au mpaka kwako? Lile lenye pazia la buluu lipo, au limebaki lile la kwanza lenye jekundu? Hata hilo jekundu nalitaka, Juma atajaribu kulibadilisha, ila rangi ya buluu uliichanganya vipi? Mama anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari, na anataka kujua utakuja lini, kabla ya Ramadhani au baada.

Nijibu hata kwa karatasi ndogo. Mbaruku hana haraka, akishusha abiria analala huko huko.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Athumani