Zuhura, Kipimo cha Mkojo Peke Yake Hakitoshi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi mpya. Barua yako imenifikia, na pale uliposema kwamba mmeanza kupima mkojo wa kila anayeletwa mahabusu, na kwamba mkuu wako anachotaka ni idadi ya "wanaotumia" na "wasiotumia", ndipo nilipoamua nikujibu leo hii hii. Umeniuliza naonaje. Naona mnapima lakini hamuulizi. Kwa methamfetamini hasa, yaani methi, ile dawa ya kulevya inayomkesha mtu, ukipima bila kuuliza utajaza karatasi alama, na bado hutamjua hata mmoja wa hao watu anaishi vipi na dawa hiyo.

Tuanze na kipimo chenyewe. Methi haitoki mwilini upesi. Inachukua takriban saa 10 hadi 12 kwa nusu yake kuondoka kwenye damu, wakati nusu ya kokeini huondoka kwa kama saa moja tu. Kwenye mkojo huonekana siku mbili hadi nne baada ya mara ya mwisho, na kwa mtu wa kila siku inaweza kupita hapo. Kwa hiyo aliyevuta mara moja juzi akiwa na wenzake, na aliyekesha siku tano mfululizo hajala wala hajalala, wote watapata jibu moja: chanya. Kijana aliyekamatwa leo kwa hati ya kosa la miezi sita iliyopita naye, kama alivuta juzi, atakuwa chanya, kisha mtu atasimama kwenye kikao aseme methi ndiyo iliyomtuma kuiba. Kipimo hakikusema hivyo. Kilichosema ni kwamba siku chache zilizopita dawa ilipita mwilini mwake, basi.

Halafu vile vipimo vya haraka vinanasa jamii nzima ya amfetamini, na zipo dawa halali, zikiwemo za mafua zenye pseudoefedrini, zinazoweza kuvidanganya. Jibu lolote litakalotumika dhidi ya mtu lirudiwe maabara kwa kipimo cha uhakika. Ila mimi ningekuomba upiganie zaidi ya hapo: majibu yenu yasiingie kabisa kwenye faili la kesi. Siku mahabusu wakijua kwamba mkojo wao unakwenda kwa mpelelezi, hakuna atakayekwambia ukweli tena, na huwezi kuwalaumu.

Hili si wazo langu la leo. Marekani walianza mwaka 1987 kuwahoji na kuwapima watu waliokamatwa, na mwaka 1997 mpango huo ukapanuliwa na kuitwa ADAM, kifupi cha Kiingereza cha ufuatiliaji wa dawa za kulevya kwa waliokamatwa. Mtu alifuatwa ndani ya saa 48 tangu akamatwe, akaombwa kwa hiari yake, jina lake halikuandikwa kwenye majibu, na alichosema hakikuweza kumrudia mahakamani. Mkojo ulichukuliwa, ndiyo, lakini kazi kubwa ilikuwa mahojiano. Na hapo ndipo kuna kitu ninachokipenda sana. Baadaye walianza kutumia kalenda ya miezi 12. Badala ya kumuuliza mtu "unatumia mara ngapi?", swali ambalo kila mtu hulijibu kwa kubahatisha, mhojaji anaiweka kalenda katikati yao. Kwanza wanajaza mambo anayoyakumbuka mwenyewe: siku yake ya kuzaliwa, sikukuu, mwezi aliohama nyumba, mwezi aliopata kibarua, mwezi aliokuwa ndani, mwezi aliolazwa. Kalenda ikishashika maisha yake, ndipo mnarudi nyuma mwezi kwa mwezi kuuliza kuhusu dawa. Unaona Machi hakuna kitu, Aprili kazi imekwisha, Mei mara mbili kwa wiki, Julai kila siku. Hapo sasa una mtu mbele yako.

Nimeitumia njia hiyo, kwa karatasi ya kawaida tu niliyoichora mistari kwa rula. Mama mmoja aliniambia kwa sauti ya uhakika kwamba yeye si mtumiaji. Tulipoanza kujaza kalenda, ikatoka kwamba ana kazi ya mchana na nyingine ya usiku, na kwamba tangu aipate hiyo ya usiku huvuta kidogo kila alfajiri ili aweze kusimama. Kidogo, kila siku, kwa karibu mwaka mzima. Hakuwa anadanganya aliposema si mtumiaji. Kwake yeye mtumiaji ni yule anayezurura mitaani akijikuna. Kipimo kingemwandika chanya, fomu ingemwandika "amekana", na habari yake ingeishia hapo.

Yupo na yule asiye na makazi anayevuta usiku ili asilale, kwa sababu akilala anaibiwa, au anapigwa. Mchana analala popote penye watu wengi, ndipo anapokamatwa kwa kuzurura. Ukimwambia aache methi bila kumtafutia mahali pa kulala penye mlango, unamwambia alale nje huku macho yamefumba. Wengine, na hawa ndio askari wanaowafahamu zaidi, hukesha siku tatu, nne, tano, kisha huanguka. Na kuna wanaochanganya na heroini, kimoja cha kuwainua na kingine cha kuwashusha. Marekani mtindo huo umeongezeka sana miaka ya karibuni, na sasa fentanili, dawa ya jamii ya heroini iliyo kali kuliko heroini yenyewe, imeingia humo na kuwaua watu ambao hawakujua hata wameimeza. Namna ya kutumia nayo hubadilika: mtu anaanza kwa kunusa, anahamia kuvuta, baadhi wanaishia kujidunga. Usipouliza njia, hutajua nani apimwe virusi vya homa ya ini na VVU kabla hajaachiwa.

Kuhusu wanawake nakusihi usiwasahau. Kwenye miji ya magharibi mwa Marekani walikopima jinsia zote, mara kwa mara wanawake waliokamatwa walikutwa na methi kwa kiwango sawa na wanaume au zaidi. Sababu wanazozitoa ni zilezile kila mahali: nguvu ya kufanya kazi za nyumbani na za kipato, kupunguza uzito, mwanamume aliyewaanzishia. Mpango wa Marekani uliporudi mwaka 2007, baada ya kusimama mwaka 2003, ulihoji wanaume peke yao. Najua pesa zilikuwa chache, lakini picha ilikatwa nusu, na nusu iliyokatwa ndiyo yenye watoto nyumbani.

Mkuu wako pia atataka kujua hali ya nchi nzima kutokana na takwimu zenu. Mwambie mapema kwamba haiwezekani. Mwaka 2013, kati ya wanaume waliokamatwa na kupimwa Sacramento, California, takriban nusu walikutwa na methi. New York, kwenye mpango uleule, ilionekana kwa nadra sana. Nchi moja, sheria zilezile za shirikisho, na hali mbili zisizofanana hata kidogo. Tena waliokamatwa ni wale polisi walioamua kuwakamata. Anayevutia nyumbani kwake penye geti na ukuta mrefu hafiki kwenye selo yenu, na hata doria ikihamishwa mtaa tu, asilimia zenu zitahama nayo. Takwimu ya mahabusu inaeleza habari za mahabusu, na ikitumika hivyo ni ya thamani kubwa.

Na isiwe ya kupima mara moja mkafunga kitabu. Afrika Kusini, mwaka 1999 na 2000, watafiti waliwapima waliokamatwa Cape Town, Durban na Johannesburg. Wakati huo dawa zilizotawala zilikuwa bangi na mandrax, vidonge vya usingizi vinavyopondwa na kuvutwa. Haikupita miaka mingi methi, ambayo kule wanaiita tik, ikaivamia Cape Town hadi ikawa dawa kuu inayowapeleka watu kwenye vituo vya matibabu. Mtu aliyeendelea kupanga huduma kwa takwimu za mwaka 2000 alikuwa anapanga kwa ajili ya mji uliokwisha badilika. Australia walianza kupima mwaka 1999 na hawakuacha, ndiyo maana wao wameweza kuiona methi ikishuka na kupanda tena, na methi ya chengachenga kama kioo ikichukua nafasi ya ile ya unga.

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma zaidi ya yote, na ningependa ulifanyie kazi kabla ya fomu na kalenda. Wiki yako ya kwanza utaitwa selo uangalie mtu "mwenye kiburi". Utamkuta amelala sakafuni, uso ukutani, midomo imepasuka kwa ukavu, taya limekaza. Ameitwa jina lake mara kadhaa hakujibu. Askari wa zamu atakwambia anajifanya, jana alikuwa anapiga kelele na kutembea huku na huku kama mtu aliyefukuzwa, leo ghafla hasikii. Hajifanyi. Mwili wake umeishiwa. Baada ya siku za kukesha anaweza kulala karibu siku nzima na zaidi, akiamka anakula kila anachopewa, analala tena, kisha inaingia huzuni nzito isiyo na mwisho mbele yake. Watu waliozoea heroini hutazamia arosto ya kutapika na kutetemeka, wakiona huyu analala tu wanasema hana shida. Siku hizo za huzuni ndizo za kumlinda sana, kwa sababu hapo ndipo mtu hujaribu kujiua. Asiwekwe peke yake. Aamshwe kila baada ya muda kuhakikisha anaamshika, apewe maji, na mtu aliyetulia aongee naye kwa jina lake. Na asiulizwe chochote cha maandishi wala kusainishwa maelezo mpaka alale ashibe usingizi.

Kwa upande wa yule ambaye methi bado imempanda, usimwachie askari aamue. Joto kali la mwili, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma ghafla, mkojo wa rangi ya majani ya chai: huyo ni wa hospitali, wala si wa selo. Vilevile aliyemeza pakiti alipoona polisi wanakuja; anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, kisha pakiti ikapasuka tumboni. Muulize kila mtu swali hilo faraghani, umwambie wazi kwamba unauliza ili asife. Na kumlaza mtu kifudifudi na kumkalia mgongoni ili atulie kumeshaua watu wengi waliokuwa katika hali hiyo. Hilo lisemeni kwenye kikao cha zamu kila wiki mpaka lizoeleke.

Umeuliza pia kuna dawa gani ya kuwapa. Kwa uraibu wa methi bado hakuna dawa iliyoidhinishwa kama methadoni ilivyo kwa heroini. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021 lilichanganya naltreksoni ya sindano, inayotumika kwa uraibu wa pombe na heroini, na bupropioni, dawa ya sonona, na asilimia 13.6 ya waliopewa waliitikia, yaani mikojo yao mingi ilitoka safi, dhidi ya asilimia 2.5 ya wasiopewa. Ni kitu, ila ni kidogo. Kinachofanya kazi vizuri zaidi mpaka leo ni mpango wa zawadi: mtu akileta mkojo safi anapata zawadi ndogo hapohapo, na zawadi inakua kadiri anavyoendelea. Wakubwa wengi hulipinga hilo, wanaona ni kumlipa mtu kwa kuacha uovu. Mimi nimechoka na pingamizi hilo. Tunalipa selo, tunalipa magari, tunalipa mahakama, tena kwa mtu yuleyule mara kwa mara, halafu tunashtuka kwa vocha.

Mwisho wa kukaa ndani nao una hatari yake. Utafiti uliotoka mwaka 2007 uliwafuatilia watu 30,237 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza uwezekano wao wa kufa ulikuwa karibu mara 13 ya ule wa watu wengine wa jimbo hilo, na kilichowaua zaidi ni dawa za kulevya. Kwa hiyo anayetoka kwenu aondoke na tarehe ya miadi mkononi, na jina la mtu atakayempokea, na naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, kama ni wa kuchanganya methi na heroini. Ukimwachia mlangoni saa nane usiku bila nauli, unajua anakoelekea.

Nakuambatishia nakala ya kalenda yangu. Ninyi mna mawakili wa msaada wa kisheria pale pale. Wape rasimu ya kifungu cha usiri, kile cha kuzuia majibu yasiingie kwenye faili la kesi, wakisome kwanza, kisha umpelekee mkuu wako ikiwa na saini zao. Na hiyo fomu yenu nitumie kabla haijaenda kuchapwa. Kwenye swali la "unatumia dawa, ndiyo au hapana?" futa, andika: "Mara ya mwisho umelala lini, na ulilala wapi?"

Wasalimie nyumbani. Nasubiri jibu lako.

Ni mimi mwenzio,
Rehema