Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu: saa zangu 1,440 za baiolojia

Mbagala, Dar es Salaam

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: KREDITI 144 ZILIZOKATALIWA

Ndugu Katibu Mtendaji, shikamoo.

Naomba uhusike na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya baiolojia, na usiku ni fundi sanifu wa maabara katika zahanati moja ya binafsi. Nilisoma miaka 2 katika chuo kikuu kimoja cha mikoani. Sikuwa na keri, yaani somo la kubeba hadi mwaka unaofuata, wala disko, kufukuzwa kwa kufeli, haikunikaribia. Sapu, yaani mtihani wa marudio, nilipata moja tu, ya kemia, nikaifuta Septemba. Nilikuwa na krediti 240 kamili. Kisha figo za mama zikagoma. Akaanza kusafishwa damu hapa Dar es Salaam, mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, na katika watoto wake mimi ndiye nisiye na mume wala watoto wa kunifunga. Nikaomba uhamisho.

Chuo cha hapa, ambacho sitakitaja kwa sababu bado nakihitaji, kilinipokea vizuri. Kilinipa kontrol namba siku hiyohiyo, nikalipa ada. Jibu kuhusu masomo niliyokwisha kuyasoma lilikuja wiki ya tano ya semesta, dirisha la uhamisho likiwa limefungwa zamani: krediti 96 zimekubaliwa, 144 zimekataliwa. Nirudie mwaka wa pili, na juu yake masomo mawili ya mwaka wa kwanza.

Wewe unajua krediti ni nini kuliko mimi, lakini barua hii wataisoma na wengine. Katika mfumo wetu krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, maabara na kujisomea. Shahada ya miaka 3 inataka zisizopungua 360. Kwa hiyo nilichonyang'anywa ni saa 1,440. Nimezipiga hesabu ndani ya daladala: ni siku 60, mchana na usiku, bila kulala.

Niseme zilivyokataliwa. Nilipeleka faili mwenyewe, lina transkripti na muhtasari wa kila kozi, kurasa 61, nimezitoa kopi steshenari na kuzigonga mhuri kwa mwanasheria. Nikalifunga kwa mpira wa kijani, mizunguko mitatu. Afisa dirishani alichomoa transkripti peke yake, akaiweka kando ya kitabu cha kozi zao, akashusha rula mstari kwa mstari. Akasema, "Dada, kodi hazilingani." Kwa sekunde moja nilidhani nadaiwa kodi. Alimaanisha namba za kozi: yangu inaanza na herufi hizi, yao inaanza na zile. Baiolojia ya Seli niliyosoma mimi, wao wanaiita Seli na Tishu. Nilipokwenda kuchukua faili baada ya majuma, mpira wa kijani ulikuwa na mizunguko yake mitatu, na fundo langu. Kurasa 61 hazikufunguliwa.

Jenetiki ndiyo inayoniuma zaidi. Niliisoma kwa krediti 10. Ya hapa ina 12. Pengo ni krediti 2, yaani saa 20. Ili kuziba saa 20, naambiwa nirudie saa 120. Fundi akikuta ukuta umepungua tofali 2, anaongeza tofali 2.

Na sikuisoma kwenye makaratasi. Tulifuga nzi wa matunda kwenye chupa za jemu, chakula chao uji mzito wa mahindi uliopondewa ndizi mbivu. Bweni zima lilijua siku tunayobadilisha chupa, kwa harufu. Tuliwalaza kwa etha, tukawahesabu kwa ncha ya brashi chini ya hadubini: wenye mwili wa kahawia na wenye mwili mweusi, wenye mabawa marefu na wenye mabawa yaliyodumaa. Tulikuwa tunautafuta uwiano wa Mendel wa kurithi sifa mbili, 9:3:3:1. Kundi letu lilikosea mara ya kwanza kwa sababu jike mmoja alikuwa ameshapandwa kabla hatujamtenga, tukaanza upya. Hilo la kumtenga jike mapema sitalisahau hadi nazeeka, ila kwenye transkripti yangu mpya halipo.

Parasitolojia nayo imekataliwa, na hapo nacheka kidogo. Kazini nasoma slaidi za malaria karibu kila zamu. Tone zito, rangi ya Giemsa, lenzi ya mafuta, unahesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe. Wiki ya saba tulikuwa na vitendo, kazi yenyewe ni kutambua pete za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Mwalimu wa maabara, kijana mdogo kwangu, alinitazama dakika chache, kisha akaniomba nizunguke niwasaidie wenzangu kuweka hadubini sawa. Nikazunguka. Nimelipia somo ninalolifundisha.

Najua upande wa pili una hoja, na sitaki upande huo uonekane wa kijinga. Wapo wanaokuja na A zilizogawiwa kama njugu, kutoka mahali ambapo maabara ni chumba chenye sinki na kabati lililofungwa. Somo la maabara bila maabara hata mimi nisingelikubali. Baiolojia ya molekuli pia inazeeka upesi. Aliyeisoma miaka 15 iliyopita, mtihani wa kumpima si uonevu. Wala sidai krediti za stashahada yangu ya maabara zihesabiwe kama za shahada: ngazi ya 6, ya stashahada, ni ya 6, na ya 8, ya shahada, ni ya 8. Nipimwe. Wanipe mtihani wao wa jenetiki wa mwaka jana, nikae kesho asubuhi nikitoka zamu. Nikifeli narudia, tena kimya kimya. Ninachokataa ni kupimwa kwa rula.

Binamu yangu yuko Florida, Marekani. Alianzia chuo cha miaka 2 karibu na nyumbani kwao kwa sababu ada yake ni nafuu, kisha akahamia chuo kikuu cha jimbo kumalizia baiolojia. Nilimuuliza alihangaika kiasi gani. Hakuelewa swali. Kule vyuo vya umma vyote vinatumia namba moja za kozi: Baiolojia ya Kwanza ni BSC 2010 chuo hiki, ni BSC 2010 chuo kile, na ukiifaulu huku, kule wanaipokea kwa mujibu wa sheria ya jimbo. Marekani nzima haiko hivyo, ameniambia; ukivuka kwenda jimbo jingine au chuo cha binafsi unaanza kubembeleza kama mimi. Lakini ndani ya jimbo, mwanafunzi anajua kabla hajalipa senti.

Sisi hatuko mbali na hapo. Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapahapa Dar es Salaam wakatangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi na masomo yake waweze kuvuka mpaka. Nililisoma hilo nikiwa foleni. Mwanafunzi wa Kampala anatengenezewa njia ya kuja na krediti zake Dar, na mimi niliyetoka mkoani kwa basi la alfajiri, bila hata pasipoti, zangu zimebaki stendi.

Ndugu Katibu Mtendaji, sikuombi unipiganie mimi. Naomba Tume iwabane vyuo kwa jambo moja: anayekataa kozi ya mtu aandike kwa nini, kozi moja moja, na anayeandika awe mhadhiri wa somo lenyewe aliyefungua muhtasari. "Hailingani" lisiwe jibu. Liwe, kwa mfano, "hakufundishwa bioinformatiki, wiki 2", ili mtu apewe hizo wiki 2. Na karatasi hiyo itoke kabla ya kontrol namba, maana ukishalipa huna pa kukimbilia. Ningetamani pia mihtasari ya kozi za vyuo vyote iwekwe mahali pamoja mtandaoni, lakini najua hilo litaundiwa kamati, kwa hiyo nalitaja tu nikipita.

Hii si kero ya mtu mmoja. Kwenye foleni ile nilikuwa na kijana wa kemia aliyehama baada ya kuugua, na mama wa watoto wawili aliyefuata uhamisho wa mume. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwaka wa ziada unawaongezea deni, na deni hilo ni asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, siku mshahara ukipatikana. Mimi sina bumu, hela ya mkopo. Nina zamu za usiku, na mwaka huu nimeongeza mbili.

Jumatano mama yuko kwenye mashine kuanzia saa 1 asubuhi. Huwa nakaa pembeni yake na daftari la jenetiki, lile la zamani, kwa sababu la mwaka huu sijaona haja ya kulinunua. Wiki iliyopita aliniuliza, "Hivi hili si ndilo ulishamaliza?" Nikamwambia namsubiri Katibu Mtendaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwa mara ya pili.