"Wangelipwa" si "watalipwa"

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho uliopita mjomba wangu aliyeko Masasi alinipigia simu saa mbili usiku kuniuliza neno moja. Alikuwa ameshika gazeti (si lenu, nalisema mapema tusije tukakosana) lililoandika kwamba kiongozi mmoja wa ushirika "alisema wakulima wangelipwa ndani ya wiki mbili". Mjomba aliishia darasa la saba, lakini Kiswahili chake hakina mawaa. "Wangelipwa," akanisomea, kisha akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hatulipwi tena. Kumetokea nini?" Nikamwomba avute subira, pengine ni tafsiri mbaya tu. Hakuvuta. Kulipokucha magunia mawili yaliyobaki ndani kwake yakaenda kwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wasio rasmi, kwa bei ambayo mpaka leo anaona haya kuitaja.

Nimefasiri taarifa za habari kutoka Kiingereza kwa miaka 19, kwa hiyo najua neno lile lilivyoingia. Taarifa ya kwanza iliandikwa "would be paid". Kiingereza kina desturi yake: aliyesema akishawekwa katika wakati uliopita, "said", vitenzi vinavyofuata navyo hurudi nyuma hatua moja. "Will" inakuwa "would", "is" inakuwa "was", "has" inakuwa "had". Hakuna sharti wala shaka iliyoongezwa hapo, ni mwendo wa sentensi tu. Sisi tunamwachia msemaji wakati wake. Alisema atakuja. Alisema anaumwa. Alisema ameshakula. Ukiniambia "alisema angekuja", nabaki nimetega sikio nikingoja "lakini".

Najua walimu watanijia juu, hasa wa Kenya, ambako usemi wa taarifa hufundishwa hivyohivyo: -ta- igeuke -nge-, mwanafunzi apate alama yake. Sitaki kumnyima mtoto alama. Ila kanuni hiyo naisikia inanukia Kiingereza, na waliosimama kwenye foleni ya kituo cha mabasi hawaifuati. Muulize kondakta gari linatoka saa ngapi, kisha mgeukie mwenzako umwambie "amesema lingetoka saa nne", uone kama hatakuuliza limeharibika wapi.

Kiingereza chenyewe, tena, humpa mwandishi nafasi ya kuchagua. Ofisa akitangaza kwamba daraja limefungwa, unaweza kuandika "he said the bridge was closed" au "he said the bridge is closed". Zote mbili ni sahihi. Ya pili inakuhakikishia kwamba hali ndiyo hiyo hata sasa. Ya kwanza haikuhakikishii lolote: huenda limeshafunguliwa, huenda bado. Sasa mfasiri akija na "alisema daraja lilikuwa limefungwa", amelifungua kwa kalamu yake, na dereva wa lori atakayemwamini atayakuta mapipa yamepangwa barabarani.

Kitenzi kinachonichekesha zaidi ni "suggest". "The doctor suggested that she leave": daktari alishauri aondoke. "The doctor suggested that she left": hapo, mara nyingi, daktari anadokeza kwamba mgonjwa aliondoka. Tofauti ni umbo la kitenzi kimoja tu, na Waingereza wengine hawaitunzi hata hiyo, husema "left" wakimaanisha ushauri, kwa hiyo inabidi usome aya nzima. Kwetu -e ya "aondoke" inamaliza ubishi papo hapo, mradi mfasiri ajue ni kushauri au ni kudokeza. Wengi wameshika "kupendekeza" na hawaiachii. Nimewahi kusoma kwamba ripoti ya ajali "ilipendekeza kwamba dereva alikuwa amelewa". Tangu lini tume ikapendekeza dereva alewe?

Na mimi nina yangu. Mwaka wa pili kazini nilimwandikia mtangazaji wa redio kwamba diwani fulani "amekanusha kuwa hakupokea fedha". "Deny" imeshabeba "hapana" tumboni mwake, na "kukanusha" vilevile, nami nikaongeza ya pili juu yake. Kwa Kiswahili cha kawaida nilikuwa nimetangaza kwamba diwani amekubali kula rushwa. Simu iliingia studio kabla taarifa haijafika kwenye michezo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya walimu wa sarufi. Tarehe 28 Januari 2003 Rais George W. Bush aliliambia Bunge la Marekani kwamba serikali ya Uingereza "has learned" kuwa Saddam Hussein, rais wa Iraq, alitafuta urani nyingi kutoka Afrika. Angeweza kusema "has said", akaiachia Uingereza mzigo wake. Lakini "learned that" ni kama "kubaini" kwetu: huwezi kubaini kitu ambacho hakipo, kwa hiyo anayetamka hivyo ameweka na dhamana yake mwenyewe. Machi mwaka uleule Mohamed ElBaradei wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki aliliarifu Baraza la Usalama kwamba nyaraka zilizodai Iraq ilitaka urani hiyo kutoka Niger hazikuwa halisi. Vita vya Iraq vilianza kabla mwezi haujaisha. Julai ndipo Ikulu ya Marekani ikakubali kwamba sentensi ile haikupaswa kuwemo katika hotuba. Huku kwetu kila wiki nasoma uchunguzi wa mwandishi "umebaini" mambo ambayo ukifuatilia unakuta mtu mmoja tu kayasema, tena kwa simu.

Nawaomba pia vijana wenu waache kukimbia "alisema". Wameambiwa shuleni wasirudie neno, basi aya ya pili msemaji "anadai", ya tatu "anakiri", ilhali hakuna anayemdai wala aliyemshtaki. Mtu akisema mara sita, andikeni alisema mara sita. Ikiwa mnamshuku, lugha ina "eti", silabi mbili tu, na kila msomaji ataelewa mmesimama wapi.

Mjomba na wenzake walilipwa wiki ya tatu.

Sasa niwarudie ninyi. Jumanne, ukurasa wa nne, mmeandika kwamba mkandarasi wa zahanati ya huku kwetu "alisema angekabidhi jengo mwezi ujao". Wanawake wa mtaani kwangu wameniuliza, nami nimekosa jibu: atakabidhi, au kuna kilichomkwamisha?

Mfasiri mstaafu,
Tanga