YAH: Malalamiko kuhusu skrini ya kufuatilia joto la majokofu ya chanjo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninasimamia ghala la chanjo linalotumia programu yenu. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Mtu wa zamu akiitupia jicho skrini yenu, anapaswa kujua papo hapo kama atulie au ainuke akalishughulikie jokofu.

Usiku wa Jumanne hakujua. Jokofu la tatu lilipanda hadi nyuzi 11. Lakini grafu yenu hujipangia vipimo yenyewe, na kwa kuwa imechanganya humo joto la nje, mhimili ulipanda hadi 40. Mstari wa jokofu ukalala chini, karibu umenyooka, kama wa jokofu lisilo na hitilafu. Mpaka wa 8 haukuchorwa popote. Kitufe cha tahadhari kiligeuka kutoka kijani kuwa chekundu, umbo lilelile, mahali palepale, bila neno lolote. Mwenzangu wa zamu hatofautishi rangi hizo mbili, na wanaume wa namna hiyo si wachache. Aliitazama skrini mara tatu usiku ule. Simlaumu hata kidogo. Asubuhi tuliyatoa maboksi yote ya jokofu lile tukayatenga.

Nilipopiga simu, nikaambiwa watumiaji waliihakiki skrini na kuifurahia. Dodoso lenu ninalo: linauliza kama rangi zinapendeza na kama menyu ni rahisi. Hakuna mahali mtu anapoonyeshwa jokofu lililoharibika akaulizwa, "Sasa unafanya nini?" Mtu anaweza kuipenda skrini na bado akaamua vibaya. Tangu 1984 watafiti wa takwimu Cleveland na McGill walionyesha kwamba watu hulinganisha kiasi kwa usahihi zaidi kwa mahali kwenye mhimili mmoja kuliko kwa pembe, nanyi ukurasa wa kwanza mmetuwekea vipimo vya mshale unaozunguka kama wa saa, vinavyosomwa kwa pembe.

Naomba mhimili usiobadilika, mistari ya 2 na 8, na tahadhari inayobadilika umbo na kuandikwa HATARI. Kisha ipimeni upya kwa kumbukumbu za kweli, usiku wetu ukiwemo: wangapi wanalitambua jokofu bovu, baada ya sekunde ngapi, na wanachukua hatua gani. Watu wangu wa zamu wako tayari kushiriki.

Kwa sasa tunasoma vipimajoto vya milangoni na kuandika daftarini kila saa.

Wenu,
Msimamizi wa ghala