Mkutano wa kina mama wenye watoto wachanga: siku imebadilika

Assalaam alaykum, mama zetu na dada zetu.

Mkutano uliokuwa ufanyike Ijumaa sasa utakuwa Jumamosi, saa 10:30 alasiri baada ya sala, nyumbani kwangu Kikwajuni, kwa kuwa fundi wetu wa cherehani hana nafasi Ijumaa.

Shughuli kubwa ni kushona mawinda. Kila mmoja aje na kanga kuukuu ya pamba iliyokwisha kulainika; upande mmoja, ambao ni takriban mita moja na nusu kwa mita moja, hutoa vipande sita vya nusu mita kwa nusu mita, hivyo doti moja inatosha mawinda 12, na kitambaa kilichofuliwa mara nyingi hunyonya vizuri zaidi kuliko kipya chenye wanga. Tafadhali zifueni na kuzianika juani kabla ya kuzileta.

Pia naomba:
1. Shilingi 3,000 za uzi na miche ya sabuni tutakayogawana, zimfikie mshika fedha kabla ya Alhamisi usiku.
2. Nguo zinazowabana watoto, zikiwa zimefungwa kwa umri, tubadilishane. (Mimi nitaleta viatu nilivyomnunulia mwanangu akiwa na miezi miwili, hakuvivaa hata siku moja.)

Wenye watoto wasiotimiza miezi 6 wasijisumbue kubeba chakula cha mtoto, kwani maziwa ya mama yanatosha.

Thibitisheni hapa, mwisho Alhamisi usiku, kwa kuandika "Nitakuja" pamoja na umri wa mtoto, ili nijue mikeka mingapi niazime kwa jirani.