Somo yangu, Makaa ameniumbua

Likoni, Mombasa
Jumapili, baada ya magharibi

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Ndivyo tulivyokuwa tukifungua barua zetu za bwenini, unakumbuka? Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo nitakueleza. Bahasha hii anakuletea mpwa wangu, anapanda basi la Lamu kesho asubuhi. Ningekutumia kwa simu, lakini kilichomo ndani nimekipiga picha mara nne, na mara zote nne kimetoka kama doa la masizi. Basi ifungue polepole, na mikono iwe mikavu.

Nianzie mbali kidogo. Muhula wa kwanza nilikuwa mwalimu wa zamu wiki moja, nikazunguka nyuma ya vyoo vya wavulana nikakuta ukuta umechorwa. Ukuta ule ulipakwa rangi likizo ya Desemba kwa michango ya wazazi, na wewe unajua michango ya wazazi inavyopatikana, hamsini hamsini. Damu ikanipanda. Mwenye kazi hakuwa mgumu kupatikana: kijana wa gredi ya 5, vidole vyeusi mpaka ndani ya kucha, makaa ameyaokota jikoni kunakopikwa githeri ya shule. Nikampa ndoo, sabuni ya unga na brashi, asugue kila mapumziko kwa siku tatu. Somo, makaa hayatoki kwa sabuni. Yanatandaa. Palibaki wingu la kijivu ambalo lipo mpaka leo, na mtoto akabaki na jina. Wenzake wanamwita Makaa.

Lakini nikuambie jambo: alichokichora sikukiangalia. Niliona ukuta mchafu, basi.

Sasa njoo kwenye safari ya Ngomeni. Mwaka jana nilipeleka watoto kwenye ngome hiyo, Fort Jesus, nikarudi na aibu, ila sikuwahi kukusimulia. Kila mtoto alikuwa na daftari, na kazi niliyowapa ilikuwa kuandika maelezo. Wakanakili vibao: Wareno 1593, wamemaliza 1596, Waomani 1698, Waingereza, jela 1895, makumbusho. Ikawa mbio za nani kamaliza chumba kwanza. Kesho yake darasani nikauliza, haya, lile lango kuu tulilopitia likoje? Kimya. Hakuna aliyeliona. Na nilipojaribu kuwaeleza mimi, nikagundua na mimi sikuliona.

Mwaka huu nikasema hapana. Mtoto mmoja, kitu kimoja. Anachagua, anaketi mbele yake, hainuki mpaka nimwambie. Penseli tu, hakuna rangi, hakuna kalamu ya wino. Mbao za kuandikia tulizitengeneza kwa maboksi ya biskuti niliyoomba dukani, karatasi tukazibana kwa vibanio vya nguo. Basi la kukodi lilitushinda bei, kwa hiyo tukaenda kwa miguu. Feri haimtozi mtu wa miguu. Watoto 41 wameshika kamba moja ya katani, mimi mbele, wenzangu wawili katikati na nyuma, na kila tukishuka mahali tunahesabu. Ng'ambo tukaifuata barabara ya Mama Ngina chini ya mibuyu, bahari mkono wa kulia, tukiwapita wauza mihogo na kachri kama watu tusiokuwa na pua. Hapo ndipo magoti yangu yalipoharibikia.

Vitu walivyochagua ningeweza kukuandikia usiku kucha. Mmoja alilala chali chini ya mzinga akauchora kutoka tumboni. Mmoja alichora viatu vya yule bwana aliyetuongoza, akidai navyo vimo ndani ya makumbusho, nikamwachia, maana vilichoreka kuliko mizinga yote ya siku ile. Mmoja alikwenda kwenye vitu vya ile jahazi kubwa ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja mwaka 1697 kuwaokoa wenzao waliozingirwa, nayo ikazama hapo hapo chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Huyo hakuchora chochote karibu robo saa. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye maji, halafu kwenye kabati, halafu kwenye maji tena.

Lakini aliyeniacha mdomo wazi ni binti mmoja mpole, hata sauti yake darasani siijui vizuri. Aliketi mbele ya sahani ya Kichina iliyovunjika, yale maua ya buluu yamekatika katikati. Akaniita. "Mwalimu, nichore na nusu isiyokuwepo?" Nikamwambia chora unachokiona. Akafikiri. Niliporudi alikuwa amechora kipande chote, kila jani na kila ufa, na pembeni ameupitisha mstari mwembamba kabisa ukaizunguka sahani nzima, ndani yake mweupe. "Nimeiona pia," akaniambia. Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Ndipo tukafika kwenye ule ukuta.

Sijui kama unaukumbuka, sisi tulipopelekwa na chuo tuliupita tukikimbilia kununua madafu. Ni lipu ya zamani iliyochorwa na askari wa Kireno, nyeusi ya makaa na nyekundu ya udongo: meli, watu, samaki. Si michoro ya fundi. Mistari inayumba, milingoti mingine imeinama, vitu vimepandiana, kila mmoja amechora juu ya mwenzake. Ni kazi ya mtu aliye mbali na kwao, hana la kufanya, anangoja zamu iishe. Na leo imehifadhiwa, inalindwa, hairuhusiwi kuguswa, na sisi tumelipa kiingilio kuja kuitazama.

Bwana wa makumbusho alikuwa bado anaeleza wakati binti mmoja alipoinua mkono. "Na hawa nao walipewa ndoo?"

Darasa zima likageuka kumtazama Makaa. Likageuka tena kunitazama mimi. Vicheko vikavunja nyumba, mpaka yule bwana, ambaye hakujua kisa, akacheka. Na mimi nikacheka, somo, lakini kwa meno tu.

Makaa peke yake hakucheka. Aliketi sakafuni akaanza kuchora, na hakuinua kichwa mpaka tulipomwambia wenzake wako nje. Alichora meli moja tu. Akifika kwenye kamba za matanga alikuwa anasimama, anatazama, anahesabu kwa kidole hewani, anarudi. Mwisho akamwuliza yule bwana, "Aliyechora hii alikuwa amesimama au ameketi?" Bwana wa watu akamtazama, akautazama ukuta, akasema tangu aanze kazi ile hajaulizwa swali hilo.

Jioni, watoto wakishachukuliwa, nilirudi nyuma ya vyoo. Wingu la kijivu liko pale pale. Lakini chini kabisa, karibu na mfereji, palikuwa na sehemu brashi haikufika. Niliinama, magoti na yote, nikaiona. Ilikuwa feri. Hasa ulikuwa ule mlango wake wa chuma unaposhushwa asubuhi na watu wanamiminika. Vichwa nilivisuguisha, vimebaki vigimbi na miguu. Na hakuna mguu uliofanana na mwingine! Pindo la kanzu. Pindo la buibui na kiatu cha kisigino kilicholala upande. Gurudumu la mkokoteni na nyuma yake miguu miwili pekupeku, vidole vimekaza chini kwa uzito. Viatu vya shule, kimoja kamba imefunguka. Mtoto anavuka na mama yake kila alfajiri kupeleka mboga ng'ambo kabla ya shule, kumbe miguu ndiyo anayoiona, urefu wake ndio huo. Na mimi nilimpa sabuni ya unga.

Sikumwomba msamaha mbele ya watu, nakuambia ukweli. Nilimwita pembeni nikamwambia ile feri yako ilikuwa nzuri. Akasema, "Ahsante mwalimu. Bado nilikuwa sijaimaliza."

Basi nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ukuta. Akaniuliza, ukuta wa nini tena? Nikamwambia wa kuchafua. Alinipa ule wa ndani wa varanda, kando ya stoo, kwa sharti la kwamba nisimwombe mzazi hata shilingi. Sharti jema. Mimi na karatasi za manila tumeachana. Kila mradi wa sanaa siku hizi ni manila, gundi ya dukani na pambo la kumetameta, mama anakaa nao mpaka saa sita usiku, asubuhi mtoto anauleta kwa mikono miwili asijue hata umetengenezwaje. Wakubwa wanapigwa picha nao. Ukiniuliza mimi, hizo alama apewe mama.

Makaa aliniletea swali lililonisumbua: mbona ule wa Ngomeni haujafutika? Jibu sehemu nililijua, kwamba uko ndani, mvua haiufikii. Lakini nilitaka walione kwa macho jinsi rangi inavyoshikana na ukuta. Babu wa mmoja wa watoto alikuwa fundi wa nyumba za mawe huko Mji wa Kale, za matumbawe na boriti, akaja na chokaa aliyoiloweka mwenyewe siku kadhaa. Hakuruhusu mtoto aiguse, inaunguza. Akatandika sehemu ndogo ya lipu, akasema, ikiwa mbichi ndiyo inakunywa rangi, ikikauka rangi inakaa juu juu kama vumbi. Yeye aliyajua hayo kwa mikono. Kwa kitabu ni kwamba chokaa ikikauka inarudi kuwa jiwe, na rangi inabaki imefungwa ndani ya jiwe hilo.

Watoto walikuwa wameleta rangi zao. Makaa ya kuni laini yaliyotwangwa (ya vifuu hayakufaa, magumu, yanakwaruza), udongo mwekundu wa shambani uliochujwa kwa kitambaa, na binti mmoja aliiba manjano ya mamake. Brashi zilikuwa miswaki iliyotafunwa ncha mpaka ikawa nyuzi. Nyeusi ikaingia vizuri. Nyekundu ikaingia vizuri zaidi, ingawa ilipokauka ilipauka tukadhani tumeiharibu. Halafu yule binti akachovya manjano yake, akapitisha mswaki kwenye chokaa mbichi, na rangi ikageuka nyekundu ya damu mbele ya macho yetu. Ungesikia ukelele! Mwingine akasema ni jini. Babu akacheka mpaka akaketi. Chokaa ndiyo inayoigeuza manjano, kemia tupu, lakini siku ile nilikataa kuieleza, nikawaacha wabishane mpaka kengele. Haikudumu hata hivyo. Baada ya siku chache jua la varandani lilikuwa limeila, pamebaki kivuli cha waridi. Udongo na makaa bado yapo, hayajatetereka.

Ukuta sasa umejaa nusu. Makaa ndiye anayepanga nani achore wapi, na ni mkali kuliko mimi. Juzi alimfutisha mtu mguu kwa sababu "hautembei".

Sasa nakuja kwenye shida yangu, maana hujawahi kupata barua yangu isiyo na shida. Wewe una kile ambacho sisi hatuna. Kwenye makumbusho yenu kuna siwa mbili, ile ya Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba, na watoto wangu hawajawahi kuona siwa, hata hawajui kwamba ni baragumu kubwa ya kupulizwa kwenye sherehe. Wapeleke wako, waketi chini, kila mmoja achore kipande kimoja tu cha siwa hiyo, mwingine mdomo, mwingine shingo, mwingine nakshi, halafu unitumie vipande vyote. Usinitumie picha ya siwa nzima wala usiwape watoto wako maelezo ya kuandika. Nataka wangu waiunganishe wenyewe ukutani, na wakikosea wakosee, tutakuja kuitazama ya kweli siku moja nikipata nauli ya watu 41. Sisi tutawachorea mlango wowote wa Mji wa Kale mtakaoutaka. Michoro usiikunje, izungushe uitie kwenye bomba la plastiki, mpwa wangu atakuwa huko mpaka Alhamisi.

Kilichomo kwenye bahasha ni cha Makaa. Ameichora upya feri yote, safari hii na vichwa, na nimemwambia inakwenda Lamu kwa mwalimu mwenye jina kama langu. Amekaa nayo siku mbili zaidi baada ya kuambiwa hivyo. Nilipulizia dawa ya nywele ya dada yangu ili isitoke, lakini siiamini sana, kwa hiyo ishike pembeni. Ukiishika katikati utawafuta watu wa mkokoteni.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anakuuliza kama bado unakunywa chai bila sukari.

Ni mimi,
somo yako wa Likoni